Ndoana ya Jumamosi Nayo Ina Sheria Yake

Mtumishi wa umma naye ni binadamu. Baada ya juma zima la majalada, chaki na mikutano, anastahili kupumzika. Kwa yule anayefanya kazi karibu na delta ya Rufiji, hakuna mapumziko ya bei nafuu na ya heshima kuliko kuchukua mshipi na ndoana, kuketi mtumbwini chini ya kivuli cha mikoko, na kumsubiri hongwe au changu. Hatuna ugomvi na mapumziko hayo. Ugomvi wetu ni na fikra iliyojengeka miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu, kwamba leseni ya uvuvi ni mzigo wa mvuvi peke yake, na kwamba mwenye mshahara anapovua kwa kujifurahisha sheria inampisha njia.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Mbwara amefunga daftari la mahudhurio Ijumaa jioni. Jumamosi alfajiri anateremka kwenye maji, anaazima mtumbwi wa mzazi wa mmoja wa wanafunzi wake, na kutupa ndoana. Hatua chache kutoka kwake yupo mzazi mwingine, ambaye kitoweo cha watoto wake na ada ya daftari zao vyote vinatoka katika maji hayo hayo. Mara inatokea boti ya doria. Mzazi anaulizwa leseni ya mvuvi, anaulizwa leseni ya chombo, nyavu zake zinapimwa matundu. Mwalimu anaamkiwa: "Shikamoo mwalimu, leo umepata?" Boti inaondoka. Hakuna aliyemuuliza mwalimu karatasi yoyote.

Mfano huu tumeutunga, lakini msomaji wetu aliyewahi kufanya kazi pwani au kando ya ziwa atakubali kwamba hauko mbali na mambo anayoyajua. Swali tunalouliza ni hili: yule mzazi amejifunza nini asubuhi hiyo? Hakujifunza kuhifadhi samaki. Amejifunza kwamba sheria ni kamba ya kuwafungia wanyonge. Na mtu akishajifunza hivyo, mwalimu anaweza kuhubiri habari za hifadhi darasani mwaka mzima, asisikilizwe na mtu.

Kwanza tuitazame sheria yenyewe. Uvuvi Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 6 ya mwaka 1970, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kabila fulani la watu linaloitwa wavuvi. Inazungumzia uvuvi, yaani kitendo cha kutoa samaki majini. Na kanuni zake zinautambua uvuvi wa michezo, ambao wengine huuita uvuvi wa kujifurahisha, kuwa ni aina ya uvuvi yenye leseni yake. Kwa hiyo anayesema kuwa yeye "anajifurahisha tu" hajajitoa nje ya sheria kwa kauli hiyo. Ametaja tu ukurasa wa kanuni unaomhusu.

Inafaa tukumbushane pia fikra hii imetoka wapi. Wakati wa ukoloni, mito ya Mbeya na ya Kilimanjaro ilipandikizwa samaki aina ya trauti ili mabwana wakubwa wapate mchezo wa kuvua siku za mapumziko. Mwananchi wa kawaida aliyatazama mambo hayo akiwa ng'ambo ya mto. Tangu hapo neno uvuvi wa michezo limebaki masikioni mwa wengi kama jambo la mgeni mwenye fimbo ndefu na kofia pana, aliyekodi boti ya hoteli. Ndiyo maana ofisa wetu akishika mshipi wake hajioni kuwa ni mvuvi wa michezo, maana si mgeni. Wala hajioni kuwa ni mvuvi, maana ana kazi ya ofisini. Basi anajiweka katika kundi la tatu, kundi la wasioguswa. Kundi hilo halimo katika sheria ya nchi hii.

Watasema wengine: ndoana moja haiwezi kumaliza samaki wa Rufiji. Ni kweli. Wala mtumbwi mmoja hauwezi, wala uzio mmoja wa kutegea samaki. Lakini leseni haikuwekwa kwa sababu mtu mmoja atamaliza samaki. Imewekwa ili ijulikane ni watu wangapi wanavua, wanavua wapi na kwa zana gani. Na ili kila anayechota katika mali ya umma akiri kwamba mali hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni umma. Anayekataa kukiri hivyo kwa sababu anachota kidogo ni sawa na karani anayechukua kalamu za ofisi kwa sababu ni chache.

Na mali hii si ndogo. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika mizizi ya miti hiyo ndimo kamba, kaa na samaki wa aina nyingi wanamokulia kabla ya kutoka kwenda baharini. Tarehe 29 Oktoba 2004, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Anayevua kifaranga katika kijito cha delta hakuvua samaki wa kijiji kimoja. Amegusa samaki ambaye kesho angevuliwa na mtu wa Mafia au wa Kilwa.

Historia ya karibuni imetufundisha kwamba maji haya yanaweza kuchoka. Kwa miaka mingi meli za kukokota kamba zilifanya kazi mbele ya midomo ya Rufiji, na wavuvi wadogo wakilalamika kuwa zinawaharibia nyavu na kuwamalizia samaki. Kamba walipungua hadi Serikali ikalazimika kuzisimamisha meli hizo mwaka 2008. Mto wenyewe nao umebadilika: tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa katika bwawa la Julius Nyerere, na tangu siku hiyo mwendo wa maji yanayofika delta unategemea pia kazi ya mitambo. Katika hali kama hiyo kila mvuvi, mkubwa kwa mdogo, wa riziki na wa mapumziko, anapaswa kuhesabika.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo mtumishi anayependa mshipi lazima ayajue. La kwanza ni kwamba maji hayafanani, na mlango wa kubisha si mmoja. Akivua katika mito ya delta na pwani yake, mtu wa kumwendea kwanza ni Afisa Uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya, iwe ni Kibiti au Rufiji. Huyo ndiye atakayemwambia anahitaji leseni ipi, analipa nini, na kama chombo alichoazima kimesajiliwa na kina leseni yake. Akipanda boti Nyamisati kwenda Mafia, ajue kwamba sehemu ya bahari ya huko ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya namna hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Eneo lake ni kilometa za mraba 822, nalo limegawanywa katika kanda. Ipo kanda ambayo hata ndoana ya mtoto hairuhusiwi. Leseni ya wilaya si tikiti ya kuingilia humo.

Akitoka nje ya maili 12 za baharini kumfuata jodari au sulisuli, amekwisha kuingia katika mamlaka ya chombo kingine, yaani Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar. Na akipanda mto badala ya kushuka, akitamani yule samaki wa meno marefu wa jamii ya Hydrocynus ambaye wageni humfuata kutoka mbali, atafika katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Huko msemaji ni Shirika la Hifadhi za Taifa, na bila kibali chake mshipi ubaki ndani ya mkoba.

Jambo la pili ni zana. Mshipi na ndoana ni zana za heshima, na hazikuwahi kuwa adui wa samaki. Lakini zipo zana na njia zilizokatazwa kwa kila mtu. Baruti ilikatazwa tangu Sheria ya mwaka 1970. Sumu imekatazwa, iwe ya dukani au utupa uliochumwa porini. Makokoro yanayoburuta chini na kuzoa mayai na vifaranga, nyavu za nailoni za uzi mmoja, bunduki za mishale, na uzamiaji kwa mitungi ya hewa kwa ajili ya kuvua, vyote havitakiwi. Tunavitaja hivi kwa sababu baadhi ya watu wenye fedha hununua bunduki ya mishale mjini wakiidhani ni kifaa cha michezo. Majini inakuwa zana haramu, nayo haina udhuru kwa kuwa mwenyewe amevaa miwani ya bei kubwa.

La tatu ni samaki wenyewe. Pweza asiyefika gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Kasa, nguva na pomboo wanalindwa na sheria, na akinaswa mmoja wao kwa bahati mbaya anapaswa kurudishwa majini. Vivyo hivyo silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia walishangaa aliponaswa Kilwa mwaka 2003. Kamba wana misimu yao ya kufungwa na kufunguliwa, ambayo hutangazwa na Wizara, na tangazo hilo linamhusu mnunuzi sawasawa na mvuvi. Na mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Anayekata nguzo ya kuchomea samaki wake wa Jumamosi bila kibali ametoka katika kosa moja na kuingia katika la pili.

La nne ni kujua mwenyeji ni nani. Sheria ya mwaka 2003 ilivipa nafasi vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo pwani vinajulikana kwa kifupi chake cha BMU. Vikundi hivi ni vya wanakijiji wenyewe. Ndivyo vinavyojua kijito kipi kimepumzishwa na mwamba upi umefungwa mpaka pweza wakue. Ofisa anayefika kijijini kuvua bila kupita kwa kikundi na kwa serikali ya kijiji amemdharau mwenyeji hodini mwake, hata kama mfukoni ana leseni iliyo kamili.

Haya yote hayahitaji shahada kuyaelewa. Lakini hapa ndipo tunapotaka kusema jambo zito zaidi. Mwaka 2018 nchi yetu ilishuhudia operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, ziwani na baharini. Nyavu nyingi zilikamatwa na kuteketezwa. Wapo waliostahili, na wapo waliolia kwamba wameonewa. Kisha, mwezi Juni mwaka huo huo, maofisa wa uvuvi waliingia na rula katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, kupima samaki waliokwisha kupikwa. Kelele zilizofuata zilisikika nchi nzima. Hatutaki kufufua mabishano ya kama maofisa wale walifuata utaratibu. Tunakumbusha tu tofauti iliyoonekana: rula ilipokuwa ufukweni ilikuwa ni utekelezaji wa sheria, ilipofika mezani petu ikawa ni udhalilishaji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wazee husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja tu ni kisu, na kisu mkononi mwa mwenye cheo kinawatisha watu bila kuwafundisha. Mvuvi wa delta hatakataa kulipia leseni kwa sababu ya fedha peke yake. Atakataa moyoni, hata kama mkono umelipa, siku atakapomwona daktari wa kituo, mwalimu wa shule na karani wa wilaya wakivua mbele yake bila karatasi. Kumwambia baadaye kwamba samaki ni mali yetu sote itakuwa ni kumtania.

Lakini haki haina upande mmoja. Kama tunawataka wananchi na watumishi wachukue leseni, hatuna budi kuhakikisha kwamba leseni inapatikana. Mtu wa delta anayelazimika kupanda boti, kisha gari, akalala mjini, ili tu apate karatasi, hulipa nauli na chakula kabla hajaifikia ada yenyewe. Halmashauri zina maofisa uvuvi. Itangazwe siku maalum, hata mara moja kwa mwezi, ambapo ofisa atafika kwenye mialo na kutoa leseni hapo hapo, malipo yakifanywa kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali na risiti ikitolewa. Siku hiyo mvuvi, mwalimu na mgeni wapange mstari mmoja.

Tunashauri pia kwamba kanuni hizi ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa mahali watu wanapopita: kwenye mwalo, kwenye ofisi ya kijiji, kwenye zahanati na kwenye ubao wa shule. Sheria ya mwaka 2003 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nalo lilikuwa jambo la kupongezwa na kila mzalendo. Uamuzi huo ushuke sasa mpaka gatini. Haifai mtu aadhibiwe kwa kifungu ambacho hajapata kukisikia kwa lugha anayoota nayo usiku.

Na fedha zinazokusanywa zisomwe hadharani. Kila kijiji kina mkutano wake mkuu. Ofisa asimame mbele ya wanakijiji aseme leseni ngapi zimetolewa, kiasi gani kimepatikana, na doria ngapi zimefanyika. Wananchi hulipa kwa moyo mweupe wanapoona kilichofanywa na fedha zao. Wasipoona, huiita ada kwa jina jingine.

Kwa walimu tuna ombi la pekee. Ninyi mna nafasi ambayo boti ya doria haina. Mtoto wa delta anajua jina la kila samaki kabla hajajua kuandika jina lake. Mfundisheni pia kwa nini pweza apimwe, kwa nini kijito kipumzishwe, kwa nini utupa umekatazwa ingawa babu yake aliutumia. Lakini mfundisheni kwa mfano. Leseni ya mwalimu iliyobandikwa ukutani kando ya ratiba ya vipindi itasema maneno ambayo kitabu cha sayansi hakiwezi kuyasema.

Kwa watumishi wengine wa umma tunasema hivi: uvuvi wa kujifurahisha ni jambo jema. Kule Malindi na Watamu, katika nchi jirani ya Kenya, wanaovua kwa kujifurahisha wamezoea kumtia alama sulisuli na kumrudisha baharini, na alama hizo zimewasaidia wataalamu kujua samaki hao wanasafiri kwenda wapi. Nasi tunaweza kuwa na ustaarabu wetu. Mtumishi anayevua kwa leseni, anayemrudisha mchanga majini, anayemwambia kiongozi wa kikundi cha kijiji alichokiona, huyo amejiburudisha na amelitumikia taifa siku ya mapumziko.

Jumamosi ijayo, kabla ya kutafuta chambo, tafuta leseni. Na boti ya doria itakapokuja, usingoje kuamkiwa. Toa karatasi yako ya kwanza, mbele ya yule mzazi mwenye nyavu, aione. Kisha yeye atatoa ya kwake bila kununa, na ninyi wawili mtaendelea kuvua katika maji yaliyo ya wote.